Eabrashi ya keki: ununue nini rangi zisichanganyike

Mwezi wa Mfungo Mosi ukishaandama, sisi wapika keki wa Unguja hatulali. Harusi juu ya harusi, na keki moja inatakiwa rangi tano, zote zipite kwenye tundu la milimita 0.3 la eabrashi, kile kipulizio kinachorusha rangi kwa upepo. Mwaka jana nilipuliza kijani, nikasuuza juu juu, nikatia waridi. Keki nyeupe ya ngazi tatu ikatoka madoadoa kama ukuta uliovujiwa na masika. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshanunua vifaa chungu nzima. Nawapangia basi, cha mwanzo kiwe cha mwanzo.

1. Sirinji ya mililita 20, bila sindano. Duka lolote la dawa inapatikana, na bei yake haikuumizi. Vuta maji ya uvuguvugu, yarushe kwa nguvu kwenye kikombe cha eabrashi kinachotiwa rangi, mwaga, rudia. Kisha ziba mdomo wa eabrashi kwa kitambaa, bonyeza kidogo: upepo utarudi nyuma na kikombe kitabubujika. Mwaga tena, halafu pulizia karatasi ya jikoni mpaka itoke nyeupe. Hakuna haja ya kufungua kitu. Tumia maji ya kunywa ya chupa. Ya bomba kwetu mengi ni magumu, angalia ukoko kwenye birika lako.

2. Eabrashi ya pili, ya bei ya chini. Mtasema napoteza pesa, lakini nyeupe na dhahabu zina chembe zinazoganda puani, pale mbele rangi inapotokea, kuliko rangi nyengine zote. Zipe yao. Kama huwezi, anza na rangi za kupauka, maliza na nzito, dhahabu iwe ya mwisho.

3. Vibrashi vya katikati ya meno. Vya duka la dawa vinatosha kwa kikombe na mwili wa eabrashi. Ndani ya pua usilazimishe, utaipanua. Sindano ya eabrashi, ile inayopita ndani ya pua, ifute kuelekea nchani. Ikipinda, rangi itatoka upande.

4. Siki nyeupe. Ya kutolea ukoko, mara moja kwa wiki, dakika chache tu, kisha suuza. Ukilaza vipande vya eabrashi humo usiku kucha, siki itaila shaba yake.

5. Chungu cha kusafishia. Kile cha kioo chenye kichujio. Kinazuia ukungu wa rangi usijae jikoni, basi. Mimi natumia jagi kuukuu na kitambaa.

Wapika keki wa nchi za nje husafishia vodka. Hapa mteja akisikia, keki unakula mwenyewe. Thina na asetoni ndiyo kabisa usivikaribishe: mipira ya ndani huharibika, na kile kitu kinakwenda kuliwa.

Sindano ikikwama, usitie mafuta ya cherehani. Tone moja la gliserini ya chakula, ile tunayotia kwenye fondanti, linatosha.