Barabara ya Morogoro kipande cha Jangwani: uzoefu wangu, nyota mbili kati ya tano

Wadau, naishi Kimara na biashara yangu ipo Kariakoo, nauza vitenge, kwa hiyo hii barabara naipita karibu kila siku, asubuhi na jioni. Nitasema ninachokijua, mazuri yake na mabaya yake.

Kiangazi sina neno. Lami nzuri, njia ya mabasi ya mwendokasi iko peke yake katikati, ukipanda Kimara Mwisho mpaka Kariakoo unafika ukiwa na akili zako. Tuliokuwepo kabla mwendokasi haijaanza 2016 tunakumbuka zile foleni za Ubungo, mtu unatoka nyumbani giza na unafika dukani wateja washapita. Na zile barabara za juu za Ubungo zilizofunguliwa 2021 zimesaidia sana, hilo lazima niseme.

Tatizo ni Jangwani, pale bondeni kati ya Magomeni na Kariakoo. Mvua ikinyesha ya maana, na wala sio lazima inyeshe hapo mjini, inaweza ikawa imepiga huko Pugu na Kisarawe usiku, mto Msimbazi unakuja na mchanga na takataka zote, asubuhi barabara imefungwa. Basi linaishia Magomeni Mapipa, mnashushwa wote, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, haya kila mtu ajitafutie. Kariakoo unaiona kabisa ng'ambo pale lakini kufika ni kuzunguka Kawawa mpaka Kigogo halafu utokee Ilala, na nusu ya Dar es Salaam nayo imeamua kupita huko huko, na Kigogo yenyewe maji yakizidi nako hakupitiki. Bodaboda ya buku mbili inakuwa buku tano na huna cha kubishana. Nimeshaona vijana wanavusha watu mgongoni kwa hela, wengine wanawapandisha kwenye mikokoteni, mama mtu mzima na heshima zake anabebwa kama gunia mbele ya watu. Inauma jamani.

Sasa kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mafuriko ya Disemba 2011 kila mtu aliyaona, watu walikufa, waliokuwa wanakaa bondeni Jangwani wakapelekwa Mabwepande kwa sababu serikali yenyewe ilisema pale hapakaliki, ni njia ya maji. Halafu mwaka uliofuata, 2012, ujenzi wa mwendokasi ukaanza na barabara ikapitishwa pale pale chini bondeni, na yadi ya kulaza mabasi ikajengwa ndani ya bonde lile lile! Yaani binadamu kaondolewa, mabasi ndio yakaletwa. Matokeo yake tumeyaona wote, mabasi yamezama, mengine yameharibika, na sisi tunaobaki vituoni tunagombania yale machache yaliyosalia hata jua likisharudi. Mimi sio injinia ila mzee yeyote wa Magomeni angeulizwa angewaonyesha kwa kidole maji yanafika wapi.

Halafu kuna hili la mchanga. Kila baada ya mvua utaona ekskaveta pale darajani linachota, wanatoa, mvua nyingine inajaza tena, kwa sababu huko juu watu wanalima na kujenga mpaka kingo za mto na udongo wote unashuka. Daraja likishajaa chini, maji yatapita wapi? Yanapita juu ya lami. Kwa hiyo hata ukichota mpaka kesho, kama barabara iko chini ni kazi bure.

Sasa hivi kuna daraja jipya la mita 390 kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi, hela za Benki ya Dunia zimo, barabara inainuliwa juu na yadi ihame. Nafurahi, kweli nafurahi, ila ni hela ya pili inaingia sehemu moja na zote tunazilipa sisi. Ombi langu kwa wanaochora barabara zinazofuata, hebu waje kuangalia eneo wakati wa masika, wasije Agosti kila kitu kikiwa kikavu.

Nyota mbili zote ni za kiangazi. Kwa mgeni anayetaka kupanga chumba huku kwetu na kazi yake iko mjini, aje, maisha ya huku sio mabaya, ila Machi mpaka Mei kabla hujatoka nyumbani mpigie mtu aliyeko Magomeni umuulize Jangwani kunapitika, na kama una mzigo wa mteja usimuahidi saa, mwambie utafika siku hiyo hiyo basi.