Mpangaji wa Mwezi au Mgeni wa Usiku: Nyumba Moja ya Nyali, Sheria Mbili
Mwenye nyumba ya vyumba viwili Nyali, Mombasa, anayeipangisha kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, ana hesabu fupi: tangu Januari 2024, kodi ya mapato ya pango la makazi ni asilimia 7.5 ya pango lote, bila kuondoa gharama yoyote, hivyo huilipa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, shilingi 3,000 ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Utaratibu huo unawahusu wenye pango la kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka.

Akiigeuza nyumba ileile kuwa ya wageni wa siku chache, anaingia chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, inayomtaka awe na leseni, na juu yake kuna tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mauzo. Pango la makazi limesamehewa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilhali malazi ya watalii hayakusamehewa: mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, bei huongezewa asilimia 16. Tuseme amepata usiku 15 kwa 6,000. Hizo ni 90,000, na tozo yake ni 1,800 tu, jambo linalowahadaa wengi. Ukitoa umeme, mfua shuka, kamisheni ya tovuti inayoleta wageni na kodi ya mapato, pengo kati ya hizo na zile 40,000 za mpangaji hupungua sana, hasa mwezi wa Mei mvua za masika zinapowafukuza watalii. Mimi ningeanza na kanuni za jengo lenyewe kabla ya kununua hata godoro, kwani baadhi hukataza wageni wa muda mfupi, na mlinzi wa getini ndiye atakayemzuia mgeni na masanduku yake.