Ugoro wa mama wa soko la Kiboriloni, Moshi: ule wenyewe kabisa, wenye harufu ya koti la babu

Jamani hii itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, nimeutafuta huu ugoro karibu miaka miwili na nikikaa kimya nitakuwa mchoyo.

Kwanza niseme mimi sio mtumiaji. Sigara sivuti, na ugoro naufungua tu nauweka karibu na pua, basi. Nilichokuwa natafuta ni harufu. Babu yangu mzaa baba, mtu wa Machame, alifariki 2009, na yeyote aliyemjua atakwambia kulikuwa na vitu vitatu haviachi: koti la kaki, fimbo, na kikopo cheusi cha filamu za kamera chenye kifuniko cha kijivu, zile za zamani kabla simu hazijawa na kamera. Humo ndo ugoro wake ulikuwa unakaa. Akikifungua kinalia "po", na sisi watoto hata tukiwa huko chini migombani tunajua babu keshakaa kibarazani. Anakigonga kwa kidole mara mbili, anamimina kidogo kwenye ukucha wa dole gumba, pua ya kulia, pua ya kushoto, anafumba macho, afu chafya zinaanza na sisi tunahesabu. Zikifika saba anasema kesho mvua.

Sasa nilivyoanza kuutafuta nikajua ni kazi ya siku moja, kwani ugoro si ugoro tu? Wapi. Duka la kwanza, lipo mjini silitaji jina, waliniuzia wa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, nimefika nyumbani nafungua unanuka mafuta ya taa, nadhani walikuwa wanauweka jirani na dumu. Nikarudi kulalamika nikaambiwa "ugoro wote ndo unanuka hivyo bro". Hapana, haunuki hivyo. Wa pili nikaununua mnadani kwa kijana mmoja, huo ulikuwa majivu zaidi ya tumbaku, rangi ya kijivujivu, ukiunusa hupati kitu, vumbi tu. Nikakaa nao mezani wiki nzima nikijilazimisha kumkumbuka babu na hakuja.

Katikati hapo kaka yangu akarudi likizo. Anakaa Sheffield, Uingereza, na huko kuna kiwanda cha ugoro kinaitwa Wilsons of Sharrow kilichoanza 1737 kwenye kinu cha kuzungushwa na maji, mnaona ni kitu cha zamani kiasi gani. Akaniletea kopo lao dogo la ile aina wanaita SP, na kiboksi cha Wajerumani, Gletscherprise ya Pöschl. Nizisemee kidogo maana nazo ni bidhaa nzuri. SP ni laini mno, kahawia, ina harufu kama ganda la chungwa ukilikunja karibu na pua, na tumbaku iko nyuma yake kwa mbali. Kistaarabu sana. Kaka anasema wenzetu bungeni kwao kuvuta tumbaku ukumbini kulipigwa marufuku toka miaka ya 1690, ndo desturi ikabaki kuwawekea wabunge kiboksi cha ugoro pale mlangoni. Basi ndo harufu yenyewe, ya watu waliovaa vizuri. Niliipenda, ila haikunipeleka popote, sina mtu wangu yeyote anayenukia vile.

Ile ya Wajerumani sasa. Imejaa mentholi. Nilifungua tu kifuniko nikamuona mama. Sitanii, nilimuona, jiko la nje, sufuria ya majani ya mkaratusi imetoka motoni, mimi nina miaka kama sita hivi pua zimeziba, mama kanifunika kanga juu ya kichwa ananiambia vuta, vuta mwanangu usiogope, na Vicks kifuani. Nikampigia simu hapohapo akauliza kuna nini mbona saa hizi, nikamwambia nimenusa ugoro wa Ujerumani nikakukumbuka, akacheka mpaka akakata simu.

Nilikuja kusoma baadae kwamba hisia nyingine zote, kuona, kusikia, kugusa, zinapita kwanza kituo fulani ndani ya ubongo ndo zinagawiwa, ila harufu inatoka puani inaingia karibu moja kwa moja sehemu za ubongo zinazoshika kumbukumbu na hisia. Nikasema kumbe. Ndo maana hupati hata mda wa kujiandaa.

Ila bado babu alikuwa hajapatikana.

Mwezi uliopita nimeenda soko la Kiboriloni kutafuta viatu vya mtumba vya mtoto, sina hata habari na ugoro. Napita upande wa viungo na magadi nikasimama. Miguu ilisimama kabla sijajua kwa nini. Kuna mama mtu mzima kakaa kwenye kigoda, mbele yake kitambaa, mafungu ya magadi ya mawe, na ndoo ndogo ya plastiki imefunikwa kwa sahani. Nikamwambia shikamoo mama, kwenye ndoo kuna nini? Marahaba mwanangu, ugoro. Akainua sahani.

Jamani. Koti la babu. Lote, na mfuko wake wa ndani.

Nilikaa chini pale pale kwenye gunia lake nikamuuliza anautengenezaje na akanieleza bila kuficha. Jani lake ni lile jeusi la Songea, linalokaushwa kwa moshi wa kuni, sio la njano la Tabora la sigara. Analikausha tena kwenye kigae juu ya mkaa wa moto mdogo mpaka ukilishika linavunjika kama kaukau, analisaga kwenye jiwe kwa mkono, mashine hataki anasema inauchoma. Afu magadi. Anayaponda, anayalowesha maji kidogo sana, ananyunyizia, anafikicha kwa viganja kama anafikicha unga wa kuandaa chapati, anauanika kivulini, anauchekecha kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Akaniambia wengi wanakosea kwenye magadi, wakiogopa ukali wanaweka kidogo wanajazia majivu, na magadi ndo yanautoa ugoro ndani ya jani. Akaniwekea punje chache kiganjani za ambao hajauchanganya nikanusa, tumbaku tu, tamu kidogo, ya moshi. Afu akaniwekea uliochanganywa. Hapo inatoka ile kitu kali inayochoma kona za macho, kama zizi asubuhi kabla halijafagiliwa.

Hapo ndo nikaelewa mwenzenu. Kwa babu ng'ombe walikuwa wanalala ndani ya uzio ule ule wa nyumba, wanaletewa majani, kwa hiyo zizi lilikuwa puani mwetu masaa 24, na moshi wa jiko darini kwenye mahindi. Ugoro wake ulikuwa na vyote viwili, moshi wa Songea na ukali wa magadi, yaani ile nyumba nzima ilikuwa imesagwa ikaingia kwenye kikopo. Wa yule kijana wa mnadani usingeweza kunirudisha hata ningeunusa mwaka mzima, ile nusu ya magadi haikuwepo.

Bei: anapima kwa kizibo cha soda, mia tano kizibo kimoja, mimi nilichukua viwili kwa buku akaniongezea kidogo. Anakufungia kwenye karatasi ya daftari, nashauri nenda na kikopo chako chenye kifuniko kinachobana, maana kwenye karatasi ndani ya siku tatu ukali unapotea. Wazee wa pwani walikuwa na kikasha chake maalumu wanakiita tabakelo, neno la Wareno hilo, ila kikopo chochote kikavu kinafaa. Usiweke kwenye friji, unashika unyevu unaganda madonge.

Kingine, huu ni mkali kweli, sio wa kujaribia. Yale magadi yanafanya nikotini iingie mwilini haraka, mtu asiyezoea anapata kizunguzungu na jasho, na ugoro unazoeleka vibaya na una hatari ya saratani, usimwachie mtoto karibu. Mama mwenyewe alikuja dogo wa shule akamfukuza, "kamwite baba yako", nilimheshimu kwa hilo.

Kasoro ni kwamba hayupo kila siku, mimi nimeenda mara tatu nikamkuta mara mbili, na hana simu. Ukifika ulizia mama wa magadi, watu wa viungo wote wanamjua. Nampa nyota zote.

Jumapili ilofuata nikapanda nao Machame kwa bibi. Bibi sasa haoni vizuri, nikampa shikamoo nikakaa pembeni yake, nikatoa kikopo, nilikuwa nimekitafuta cheusi kile kile cha filamu kwa fundi picha mmoja wa zamani. Nikafungua, po. Bibi akageuza kichwa. Sikumwambia kitu. Akanyoosha mkono nikamwekea kikopo kiganjani, akakisogeza puani akakaa nacho hivyo muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia, afu akauliza, "Koti lake mlilipeleka wapi?"

Koti liko kwa baba mdogo Tanga. Nimempigia, analileta sikukuu, na nimemsisitiza sana asilifue.