Unga wa Lakesi kwa Majitaka ya Rangi: Kazi Nzuri, Maelekezo Haba

Kwa miezi kadhaa sasa tumekuwa tukitumia unga wa lakesi, kimeng'enya kinachotokana na kuvu inayoozesha miti, kusafisha majitaka ya kiwanda cha kutia vitambaa rangi ninapofanya kazi, na nimeona bidhaa hii ikilaumiwa kwa makosa yasiyo yake.

Jaribio letu la kwanza lilishindwa kabisa. Tuliumimina unga katika maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye mashine, yakiwa bado moto na pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ikikaribia 11, yaani alkali kali, na kesho yake yalikuwa ya bluu vilevile. Lakesi nyingi za kuvu hufanya kazi vizuri katika asidi kidogo. Kwenye alkali kali protini yake huharibika umbo na kazi husimama. Mfuko uliandikwa kwamba unafaa kwa "majitaka ya aina zote", maneno ambayo muuzaji hakupaswa kuyaandika. Wala haukutaja chumvi, ilhali rangi nyingi za pamba hazishiki bila chumvi nyingi, na kloraidi iliyomo hudhoofisha lakesi.

Tulipoyapoza maji, tukayapunguzia alkali na kuyatenga yale ya mkupuo wa kwanza, yaani ya kutilia rangi kabla ya kusuuza, yenye chumvi kali, hali ilibadilika. Kila nusu saa nilichota kidogo katika chupa ya kioo na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha: bluu ikawa kijivu, kijivu ikawa manjano hafifu, na chini yakatuama mashapo ya kahawia. Ninachokipenda zaidi ni kwamba lakesi huhitaji oksijeni ya hewa tu, tofauti na peroksidesi, kimeng'enya kingine ambacho lazima kiongezewe hidrojeni peroksaidi, nayo ikizidi kipimo hukiua kimeng'enya chenyewe. Kwa kuwa lakesi hutegemea oksijeni hiyo, pampu inayopuliza hewa majini isizimwe hata kidogo.

Hata hivyo, maji kupoteza rangi si kusafika. Vipande vya molekuli zilizovunjwa vinaweza kubaki humo, na vingine vikawa na sumu, hivyo bado tunayapeleka kwenye matangi ya bakteria na kuyapima kabla ya kuyaachilia.

Nitaununua tena, kwa maji ya kusuuzia peke yake. Unga huu huondoka na maji baada ya matumizi mamoja; ningemwomba muuzaji atuletee lakesi iliyonatishwa kwenye punje, tuweze kuichuja na kuitumia tena.