Seti ya kukarabati kabureta kuukuu: nilichofunga kwanza na kilichoponya injini

Nilinunua seti ya kukarabati kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ya mashine yangu ya kukatia nyasi, ile ya kuketi na kuiendesha, nikiamini kwamba tatizo lilikuwa uchafu na mipira iliyozeeka. Injini yake ni Briggs & Stratton ya silinda moja yenye nguvu ya farasi 8, na kabureta yake ni Flo-Jet ya vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyokazwa kwa skrubu huku gasketi, yaani kipande chembamba cha kuziba mwanya, ikiwa katikati. Injini ilikuwa ikiwaka kwa taabu, na hata ilipowaka, mwendo wake ulipanda na kushuka bila kutulia, hasa visu vilipokuwa havijaanza kukata. Nilipofunga nusu choki, yaani kilango cha hewa cha kuwashia injini, ngurumo ilinyooka mara moja. Dalili hiyo pekee ilitosha kunieleza kwamba injini ilikuwa ikipata hewa nyingi kuliko petroli, kwa sababu petroli huungua vyema hewa inapokuwa na uzito wa karibu mara 14.7 ya mafuta, na choki haifanyi kazi nyingine ila kupunguza hewa hiyo.

Ndani ya seti mlikuwa na sindano ya boya (boya ni kielea kinachoisukuma sindano kuzuia petroli kabureta inapojaa) yenye ncha ya mpira usiodhurika na petroli, kiti chake cha shaba, pini ya boya, gasketi ya katikati, gasketi ya kufungia kabureta kwenye injini, na mipira na washa za kuzuia mvujo kwenye skrubu mbili za kurekebishia mafuta. Ubora wa sindano na kiti chake nausifu bila kusita. Nilipobonyeza ncha kwa ukucha niliikuta laini na yenye kurudi umbo lake, nayo ilikaa kwenye kiti kwa usahihi kiasi kwamba nilipopuliza hewa kwa mdomo kupitia njia ya petroli, huku kabureta ikiwa imepinduliwa ili boya lielemee sindano, hakuna hewa iliyopita. Gasketi ya katikati haikunifurahisha kwa kiwango hicho: tundu lake moja halikulingana na tundu la chuma, ikanibidi nilipunguze kwa wembe. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na mchoro mmoja tu wa vipande vilivyotawanywa, bila kipimo hata kimoja, na bila onyo ambalo kwa kabureta hii ni la lazima.

Onyo lenyewe linahusu nozeli, kijibomba kinachopeleka petroli kwenye mkondo wa hewa. Katika Flo-Jet ya vipande viwili, nozeli hupita kimshazari kutoka kipande cha chini hadi ndani ya kipande cha juu. Mtu akifungua skrubu na kuvitenganisha vipande kabla ya kuitoa nozeli kwa bisibisi, ataipinda au kuivunja, na huo utakuwa mwisho wa ukarabati wake. Muuzaji wa seti ya namna hii angepaswa kuliandika jambo hilo kwa herufi kubwa juu ya pakiti.

Nilisafisha kila njia kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani. Sikutumia waya wa chuma kwenye matundu ya jeti, yaani vitundu vidogo vinavyopimia petroli, kwa kuwa tundu likipanuliwa hata kidogo halirudi tena lilivyokuwa. Baada ya kufunga vifaa vyote vipya niliwasha injini, na ule mwendo wa kupanda na kushuka ulikuwepo vilevile. Uvujaji wa petroli uliokuwa ukilowesha sehemu ya chini ya kabureta ulikuwa umekoma kabisa, kwa hiyo seti ilikuwa imetimiza kazi yake, lakini kazi hiyo haikuwa ndiyo iliyohitajika zaidi. Seti ya kawaida hurudisha vile vinavyozeeka, yaani mpira, gasketi na ncha ya sindano. Chuma kilicholika hakiguswi nayo, na pakiti haimwambii mnunuzi hivyo.

Kilicholika kilikuwa shafti ya kilango, yaani kile kijiti cha chuma kinachobeba kibao cha mviringo cha kufungulia na kufungia njia ya kwenda kwenye injini. Shafti hiyo haipumziki kamwe injini inapofanya kazi, kwa kuwa gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, huisukuma na springi huivuta kila uzito wa nyasi unapobadilika, na kwa kuwa springi huvuta upande uleule miaka yote, tundu huacha kuwa duara likawa kama yai. Vumbi laini likiingia hapo, chuma husagika kana kwamba kimepakwa msasa. Matokeo yake ni mwanya ambao injini hunyonyea hewa isiyopitia kwenye chujio wala kukutana na petroli. Mnyonyo huo huwa mkali zaidi kilango kinapokaribia kufungwa, na ndiyo maana ugonjwa huonekana wazi kwenye mwendo wa chini na kupungua injini inapobeba kazi.

Kuitambua hali hii hakuhitaji kununua chochote, na ninajuta kwamba sikuanza nayo. Ishike shafti kwa vidole viwili, uisukume na kuivuta kwa ubavu, kisha usikilize. Shafti nzima huzunguka tu, lakini iliyolika hucheza na kutoa sauti ndogo ya kugonga. Kwa kabureta hii kikomo cha uchakavu wa shafti na bushi, yaani vipete ambamo shafti huzunguka, ni milimita 0.25, na yangu ilikuwa imekipita kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Wapo wanaonyunyizia dawa ya kabureta kwenye shafti injini ikiwa inaunguruma ili wasikie mwendo ukibadilika, na jaribio hilo husema kweli, lakini dawa hiyo hushika moto kwa haraka na sailensa iko karibu mno, vidole vinatosha.

Kwa bahati njema, waliobuni kabureta hii waliweka bushi zinazoweza kutolewa, na bushi mbili pamoja na shafti mpya huuzwa kando. Hivi ndivyo vifaa ambavyo ningependa kila mwenye mashine kuukuu avijue. Njia ya kuzitoa bushi za zamani ni ya akili sana: tepu ya kukatia hesi ya robo inchi hubanwa kwenye jiliwa ikiwa imesimama, kisha mwili wa kabureta huzungushwa juu yake hadi hesi ziume ndani ya bushi na kuivuta nje. Bushi mpya husukumwa mahali pake kwa meno ya jiliwa lenyewe, polepole na kwa unyoofu. Shafti mpya ikikataa kuzunguka kwa urahisi, biti ya drili ya inchi 7/32 hupitishwa katika bushi zote mbili kwa pamoja ili matundu yapangane kwenye mstari mmoja. Kwangu ilikataa, nikapitisha biti kwa mkono bila mota, na baada ya hapo ilizunguka kwa uzito wake yenyewe bila kucheza. Bushi hizo zilikuwa za kipimo sahihi na zimekerezwa vizuri, bila makovu ya chombo. Kuhusu vifaa hivyo sina la kulalamikia.

Kurudisha kibao cha kilango kunataka subira. Kingo zake zimekatwa kwa mshazari, hivyo kikigeuzwa hakifungi sawasawa. Niliweka alama kabla ya kukifungua, nikakirudisha skrubu zikiwa zimelegea kwanza, nikakifunga kabisa ili kijitafutie mahali pake, ndipo nikazikaza. Skrubu hizo lazima zizuiwe zisifunguke, kwa kuwa ikichomoka moja itanyonywa na injini.

Boya halikunichukua muda. Mwili wa juu ukiwa umepinduliwa na gasketi ikiwa mahali pake, boya linapaswa kuwa sambamba na uso wa mwili huo. La sivyo hupindwa kile kiulimi kidogo kinachogusa sindano, bila kulibonyeza boya lenyewe. La shaba hulazimu kutikiswa kwanza, maana likisikika lina petroli ndani limetoboka.

Kabla ya kurudisha kabureta nilipima pia kama mwili wa juu umepinda, ugonjwa unaowapata wengi wanaokaza skrubu kupita kiasi. Vipande vikiwa vimefungwa pamoja na gasketi yake, kibamba cha kupimia cha milimita 0.05 hakipaswi kuingia kati yao. Hakikuingia. Kingeingia, ningehitaji mwili mpya wa juu, na hapo ningefikiria upya kama ukarabati una maana.

Swali la kununua kabureta nzima mpya badala ya haya yote ni la haki, nami nimewahi kufunga kabureta mpya za bei nafuu kwenye mashine nyingine. Zilizonipitia hazikuwa na skrubu ya kurekebishia mafuta ya kazi, yaani ya injini inapobeba mzigo, kwa hiyo jeti ikija na tundu lisilofaa huna la kufanya. Flo-Jet ya zamani ina skrubu zote mbili, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuutunza mwili wake. Nilianza na skrubu ya mafuta ya kazi ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu na ile ya mwendo wa chini karibu mzunguko mmoja, injini ikapashwa moto, kisha nikaikaza ya kazi hadi injini ikaanza kukosa moto, nikaifungua hadi ikaunguruma kwa uzito, nikaiacha katikati. Mwendo wa chini niliupanga karibu mizunguko 1750 kwa dakika. Injini sasa hukaa hapo bila choki, na ikipewa nyasi ndefu haisiti.

Kwa hiyo, mwenye shafti isiyocheza na kabureta inayovuja ainunue seti ya kawaida, itamfaa, ila akague matundu ya gasketi kabla ya kufunga. Mwenye shafti inayocheza aagize bushi na shafti kwanza, na seti iwe nyongeza. Asisahau pia kukagua kikasha cha chujio la hewa: changu kilikuwa kimepasuka ukingoni, pale ambapo jicho halifiki bila kukishusha, na gasketi yake ilikuwa imekauka na kuacha vumbi lipite moja kwa moja hadi kwenye shafti. Nimekibadilisha pamoja na gasketi yake, kwa kuwa bushi mpya zingelika kwa vumbi lilelile.