Mafunzo ya mkate wa chachu ya asili, Dodoma: uzoefu wangu

Siku ya tatu peke yake ilitosha kurudisha ada ya siku zote nne. Tulikanda vinyunya viwili kwa vipimo vilevile: unga wa ngano kilo 1, maji gramu 650, chachu ya asili (unga na maji vilivyoachwa vichache vyenyewe) gramu 200, chumvi gramu 20. Kimoja kikaachwa makusudi kipitilize kuumuka. Kilinata vidoleni, kikavutwa kikachanika, na mkate wake ukatoka bapa, mchachu, umepauka juu kwa sababu chachu ilishakula sukari yote. Mkono ukishajua hali hiyo hausahau.

Saa ya ukutani haisaidii sana huku. Mchana wa Novemba, chumba kikiwa nyuzi 30, saa 3 zinaweza kutosha. Usiku wa Julai kinyunya hichohicho hulala hadi asubuhi. Tulifundishwa kutia kipande kwenye glasi iliyonyooka na kuichora alama: kikipanda kwa nusu ya kimo chake, viringisha. Na ufunike kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, maana upepo mkavu wa Dodoma hukifanyia ngozi upesi, na ngozi hiyo hukizuia kupanda.

Tanuri la matofali liliwashwa kuni kwa muda wa saa 2, makaa yakafagiliwa, sakafu ikapanguswa kwa gunia lenye maji. Nyunyiza unga kidogo: ukiwa mweusi papo hapo, subiri kwanza. Mwinuko wetu unazidi meta 1,100, maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo anayengoja kipimajoto kisome 98 ndani ya mkate ataukausha bure. Toa kwenye 93 au 94.

Kilichonisikitisha ni mtama kupewa dakika kumi tu, nafaka ya mashamba yetu wenyewe! Hauna gluteni, ile protini ya ngano inayoshikanisha kinyunya, ukizidisha gramu 200 katika kilo ya unga, mkate unamong'onyoka. Dawa yake ni kuumwagia maji ya moto uwe uji mzito, upoe, ndipo uchanganye, na maji hayo uyatoe kwenye zile gramu 650. Hilo lilistahili nusu siku. Mizani nazo zilikuwa chache mno.

Kila mwanafunzi aliondoka na kikopo cha chachu. Msiilishe kwa uzito sawa wa chachu, unga na maji kipindi cha joto, itakuwa kali kabla ya jioni; badala yake tumieni chachu gramu 10, unga 50, maji 50. Ikishapanda, mgawie jirani anayetaka kujifunza.