Kabla hujaagiza madawati: vikalio vya darasa la awali na la kwanza, kuanzia cha kununua kwanza

Kamati ya shule ikipata fedha kidogo, wazo la kwanza huwa dawati. Sababu inaeleweka. Mwaka 2016 Tanzania nzima ilikimbizana kutengeneza madawati ili watoto wainuke sakafuni, na mwalimu aliyewahi kufundisha watoto waliokaa kwenye saruji tupu hawezi kuibeza kazi ile. Ila dawati la watoto watatu, benchi na meza vikiwa vimeunganishwa, likishapangwa ndiyo basi. Mtoto wa miaka sita hawezi kulisogeza, na katika kipindi kimoja anatakiwa asikilize hadithi, ahesabu vizibo na kuandika. Kwa madarasa hayo mawili mimi ningenunua hivi.

Cha kwanza ni mkeka. Hata kama madawati yapo, nunua mkeka wa kufunika kona moja ya darasa. Wa ukindu au jamvi la miyaa hauchomi kwa joto kama wa plastiki. Wa plastiki nao unafuliwa na kukauka upesi, na kwa watoto wa awali wanaojikojolea hilo si jambo dogo. Nikilazimika kuchagua mmoja, nachukua wa plastiki, ulioshonwa ukingo kwa kitambaa, kwa sababu mikeka huanza kufumuka pembeni.

Kasoro ya mkeka ni kuandika: mtoto analala juu ya daftari, mgongo umepinda. Dawa yake inajulikana tangu zamani katika vyuo vya Kurani vya pwani, ambako mtoto alikaa mkekani na ubao wake wa kuandikia mapajani. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 inatoa vibao 24 vya sentimita 30 kwa 40. Vipigwe msasa vizuri kwenye kingo, kazi imeisha.

Cha pili, na hapa ndipo ningeweka fedha nyingi, ni stuli ndogo za mbao kutoka kwa fundi seremala wa mtaani. Faida yake kubwa ni kwamba mtoto anaibeba mwenyewe: duara wakati wa hadithi, makundi ya wanne wakati wa hesabu, nje chini ya mwembe darasa likiwa tanuri. Mwite mtoto mdogo kuliko wote aibebe. Akiiburuta, ni nzito, mwambie fundi atumie paini badala ya mninga. Kisha akae: nyayo zote ziguse sakafu, goti likunjike pembe mraba. Vipimo vya Ulaya vya samani za shule vinatoa kimo cha sentimita 31 kwa mtoto mwenye urefu wa sentimita 108 hadi 121, na hicho ndicho ningemwandikia fundi, nikiongeza chache za sentimita 26 kwa wadogo wa awali.

Kagua maungio kabla ya kulipa. Miguu iingie kwenye matundu na kutiwa gundi, isiwe misumari mitupu, na mbao ziwe zimekauka. Mbichi husinyaa na baada ya miezi michache stuli zote zinacheza. Miguu mitatu haiyumbi kwenye sakafu iliyochimbika, lakini mtoto akiegemea upande anaanguka nayo. Minne yenye mbao za kukazia ni salama zaidi. Chini ya kila mguu gongelea kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Stuli hamsini zikikwaruza saruji kwa pamoja, hakuna sauti ya mwalimu inayosikika.

Viti vidogo vya plastiki naviweka nafasi ya tatu, na visivyopungua sita navihitaji kweli, kwa sababu vina egemeo. Mtoto mwenye udhaifu wa misuli, au anayetoka kuugua, hawezi kukaa kwenye stuli asubuhi nzima. Kiminye ubavu kabla ya kununua: plastiki nyembamba hubonyea papo hapo. Tulinunua vya namna hiyo mwaka mmoja, vikaachwa nje juani, miguu ikaanza kupasuka na mtoto mmoja akachanika paja. Tangu siku hiyo vinaingizwa ndani kila mchana.

Benchi fupi la watoto wawili ni la nne, zuri ukutani na barazani. Dawati linafuata, kwa kuandika tu.

Mito mikubwa ya kujazwa punje na mipira ya mazoezi, kama tunavyoiona kwenye picha za madarasa ya Marekani, usinunue. Mto haufuliki kwa urahisi, unashika jasho na kunguni, na mpira unatobolewa na msumari wa kwanza utakaokutana nao.

Na usiagize stuli 50 kwa mkupuo. Agiza mbili, watoto wazikalie wiki mbili, ndipo urudi kwa fundi na orodha ya marekebisho.